Vunjajungu wangu wa okidi hajala siku tisa na ananing'inia kichwa chini: je, anakufa?

*"Ninamfuga vunjajungu wa okidi, huu ni mwezi wa nne. Ana urefu wa karibu sentimita 4 na nusu na nadhani ni jike. Leo ni siku ya tisa hajala chochote. Ananing'inia kichwa chini kwenye kifuniko cha chombo, hasogei, na rangi yake ya waridi imefifia hadi amekaribia kuwa mweupe. Juzi niliona nukta nyeusi kwenye macho yake yote mawili. Nikimpa nzi kwa kibano anamsukuma kwa miguu ya mbele. Nimemwachia nyenje wawili humo ndani ili akishikwa na njaa usiku ale. Namnyunyizia maji mara tatu au nne kwa siku kwa kuwa nimesoma wanataka unyevu mwingi, na nimemwekea ua la kweli la okidi lakini halisogelei. Niliyekuwa naye kabla ya huyu alikufa wakati wa kujivua gamba, miguu imejikunja kama uzi, na naogopa yatajirudia. Nifanye nini? Nimpeleke kwa daktari wa mifugo?"*

Kabla hujaendelea kusoma, nenda ukawatoe hao nyenje wawili. Mengine yote nitakayosema yanaweza kusubiri, hilo haliwezi. Nyenje mwenye njaa hutafuna chochote laini anachokikuta gizani, na siku yoyote kuanzia leo vunjajungu wako anaweza kuwa laini kuliko kitu kingine chochote kilichomo humo.

Umerudi? Haya, sasa tuzungumze.

Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama anakufa. Nadhani anajiandaa kujivua gamba, tena kwa mara ya mwisho, ile itakayomtoa kwenye utunutu, yaani hatua ya mdudu mchanga asiye na mabawa, na kumpa mabawa. Siku tisa bila kula zinamtisha mtu aliyezoea kufuga paka au kuku, lakini kwa tunutu jike aliyebakiza gamba moja si ajabu. Wakiwa wadogo hugoma kula siku moja au mbili tu, kisha kadiri wanavyokua mfungo nao unarefuka, na huu wa mwisho unaweza kufika hata wiki 2. Na hilo la "nadhani ni jike" liondoe: mwenye sentimita 4 na nusu ni jike, hakuna ubishi. Dume wa aina hii akiwa mzima kabisa huishia karibu na sentimita 3, wakati jike hufika 6 au 7. Ndiyo maana wanaowaona pamoja mara ya kwanza hudhani dume ni mtoto wake.

Ila mimi niko mbali na wewe ndiye uliye naye, kwa hiyo usiliamini neno langu kabla hujamtazama. Mwangalie mgongoni, nyuma tu ya kifua. Utaona vifuko vinne bapa, viwili kila upande, vimelala kama vijani vidogo. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa mabawa. Vikiwa bado bapa na vimebana mgongoni, siku yake haijafika. Vikianza kuvimba, vikanyanyuka kidogo kutoka mgongoni na kuonekana vimejaa kama mto uliotiwa pamba, jua kwamba kazi iko karibu, pengine siku moja au mbili tu. Kisha tazama tumbo. Vunjajungu anayefunga kwa ajili ya gamba huwa na tumbo lililojaa, kwa sababu alikwisha kula vya kutosha kabla ya kuanza kugoma. Tumbo lililonywea, likawa bapa na lenye mikunjo, linasema jambo jingine: kiu, njaa ya kweli au ugonjwa.

Hizo nukta nyeusi machoni karibu kila mfugaji mpya ameziulizia. Kaa mbele yake mchana, kisha sogeza kichwa chako taratibu kushoto na kulia. Nukta ikikufuata kama mboni inayokutazama, huo si ugonjwa wala si mboni. Jicho la vunjajungu limeundwa na vijicho vingi vidogo vilivyopangwa kila kimoja na uelekeo wake, na vile vinavyokuelekea wewe moja kwa moja ndivyo vinavyoonekana vyeusi kwa sababu vinameza mwanga badala ya kuurudisha. Ukihama, vinavyokuelekea ni vingine, basi nukta nayo inahama. Usiku jicho zima linaweza kuwa jeusi, nalo ni jambo la kawaida, linajirekebisha ili lipokee mwanga mwingi zaidi. Cha kuhofia ni doa la kahawia au jeusi lisilohama hata ukizunguka chombo kizima. Mara nyingi doa hilo hutokana na kulisugua jicho kwenye kuta za kioo au plastiki akijaribu kutoka, na kwa tunutu huweza kuondoka pamoja na gamba kuukuu.

Rangi nayo isikukoseshe usingizi. Tunutu wa okidi hutoka waridi kwenda weupe na kurudi ndani ya siku chache, na mwanga na unyevu vina mchango wake. Tena anapokaribia kujivua gamba rangi hupauka, kwa kuwa unachokiona ni gamba la zamani lililoanza kuachana na jipya lililo chini yake. Hawa ni mabingwa wa kubadilika tangu siku ya kwanza: wakitoka kwenye kifuko cha mayai huwa wekundu na weusi, wanafanana na siafu au kunguni wawindaji kuliko ua lolote, na weupe huja baada ya kujivua gamba mara ya kwanza.

Kuhusu ua uliloweka, hapo jina limekudanganya, na si wewe peke yako. Katika miaka ya 1870 mwandishi wa safari kutoka Australia, James Hingston, alirudi kutoka Java na habari za okidi inayokula wadudu. Kwa namna alivyoieleza, bila shaka alichokiona ni vunjajungu. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mdudu huyu hujificha ndani ya maua ya okidi na kusubiri. Watafiti waliokwenda kumtazama porini Malaysia, James O'Hanlon na wenzake, walikuta mambo tofauti. Matokeo yao yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba nyuki na wadudu wengine wanaofuata maua walimwendea vunjajungu aliyekaa peke yake kwenye majani, tena mara nyingi zaidi kuliko walivyoliendea ua halisi lililokuwa jirani. Hahitaji kujificha kwenye ua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye ua. Wala hakuna okidi moja maalumu anayoiiga. Rangi na umbo lake vinafanana na maua mengi kwa ujumla, basi.

Kwa hiyo ua lako ni pambo la kwako, si hitaji la kwake. Halina ubaya, ila mawili tu: mimea ya dukani inaweza kuwa imepuliziwa dawa ya wadudu, na dawa ya wadudu haichagui, pili, chungu cha ua kinakula nafasi ya chini ambayo wiki hii ataihitaji kuliko kitu kingine. Mimi ningeliondoa.

Sasa kwenye lile linalokuogopesha hasa. Ili uelewe kwa nini yule wa kwanza alikufa, inabidi uelewe kujivua gamba ni kazi gani.

Mdudu hana mifupa ndani. Kinachomshikilia ni gamba la nje, na gamba likishakauka halitanuki. Anakua kwa kuruka ngazi: anatengeneza gamba jipya chini ya lile la zamani, jipya likiwa limekunjwakunjwa kama nguo kubwa ndani ya mfuko mdogo, huku majimaji yenye vimeng'enya yakilimumunya lile la zamani kwa ndani hadi libaki jembamba. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na ndiyo inayomkosesha hamu ya kula. Hata sehemu za kinywa chake zinafanyiwa ukarabati. Ukimsogezea nzi mdomoni wakati huo unamsumbua bure, na akirudi nyuma kwa kushtuka anaweza kuachia mshiko wake. Nilipoanza kufuga niliwahi kung'ang'ania hivyo hivyo kwa kibano nikijiona mwenye huruma. Aliporuka kunikwepa alitua sakafuni, na usiku uleule akajivua hapohapo alipoangukia. Mguu mmoja wa nyuma ulitoka umepinda.

Wakati ukifika anajitundika. Anazungusha kucha za miguu minne kwenye kitu kisichoteleza, anaacha mwili uning'inie, halafu anatulia kabisa. Ukiwa na bahati utaona tumbo likipwita taratibu: anameza hewa na kusukuma damu yake, ambayo si nyekundu, kwenda kifuani. Shinikizo likipanda gamba linapasuka kwenye mstari wa mgongo nyuma ya kichwa. Kinatoka kifua kwanza, kisha kichwa, kisha vipapasio vinavutwa kama nyuzi kutoka kwenye ala yake. Halafu inakuja miguu, yote sita kwa pamoja, kila mmoja ukitoka ndani ya soksi yake nyembamba. Wakati huo ni laini kama utambi uliolowa, na kinachoinyoosha ni uzito wa mwili wake mwenyewe ukivuta kuelekea chini. Kwa dakika kadhaa ananing'inia kwa ncha ya tumbo peke yake, kichwa kikitazama sakafu, ameshikwa na gamba tupu lililobaki juu. Usipojua unachokitazama utadhani amekwisha kufa. Kisha anajikunja kwenda juu, analidaka gamba lake la zamani kwa miguu mipya, anageuka, anaitoa ncha ya tumbo. Kwa jike wako itabaki hatua ambayo hajawahi kuipita: mabawa. Vile vifuko vinne vitajazwa damu na kufunguka polepole kwenda chini kama pazia, na yanatakiwa yaning'inie bila kugusa kitu mpaka yakauke.

Ukishaona picha hiyo, mambo yanayoharibu yanajitaja yenyewe. Anahitaji mshiko ulio imara, nafasi tupu chini yake, maji ya kutosha mwilini, na kuachwa.

Miguu iliyojikunja kama uzi ya yule wa kwanza kwa kawaida hutokana na moja kati ya matatu. La kwanza ni kuanguka katikati ya kazi: miguu ambayo ingenyooshwa na uzito wa mwili inalala sakafuni na kukauka jinsi ilivyoangukia. La pili ni ukavu. Mdudu mwenye upungufu wa maji hana damu ya kutosha kupandisha lile shinikizo, na gamba la zamani linamganda. La tatu ni ufinyu, anafika sakafuni kabla miguu haijamaliza kutoka. Kwa mbali siwezi kukwambia lilikuwa lipi, ila kama kifuniko chake kilikuwa plastiki laini au kioo ningeanzia hapo. Jina vunjajungu linamsingizia mdudu huyu uvunjaji. Anayevunjika ni yeye.

Basi kikague chombo cha huyu. Kifuniko, au angalau sehemu kubwa yake, kiwe na wavu laini wa plastiki au kitambaa cha chandarua kilichobanwa vizuri. Wavu wa chuma siupendi, kingo zake zinang'oa kucha. Kimo cha ndani kiwe si chini ya mara tatu ya urefu wa mdudu, na upana mara mbili. Kwa jike huyu, ambaye kesho kutwa atakuwa na sentimita 6 au zaidi, mimi hutumia chombo chenye sentimita 30 kwenda juu na 20 kwa 20 chini. Pale hasa anaponing'inia, chini yake kuwe wazi kabisa: hakuna kijiti, hakuna jani, hakuna chungu cha ua.

Ukigundua kwamba chombo ni kifupi au kifuniko kinateleza, hapo kuna uamuzi wa kufanya, nami sitakuambia kwamba ni rahisi. Kumhamisha mdudu aliye karibu kujivua ni hatari. Kumwacha mahali pabaya nako ni hatari. Nionavyo mimi, kama vile vifuko vya mabawa bado ni bapa au ndiyo kwanza vinaanza kujaa, mhamishe leo, bila kumgusa ukiweza: kinyanyue kifuniko pamoja naye akiwa amening'inia, ukiweke juu ya chombo kirefu zaidi. Kifuniko kikiwa kinateleza, mwekee kijiti chenye magome karibu na miguu ya mbele na umwache apande mwenyewe. Lakini kama vifuko vimeshavimba, ameshatulia na amejishika vizuri, mwache palepale hata kama chombo hakikufurahishi, uishie kuondoa vitu vilivyo chini yake. Na kama mgongo umeshapasuka, usiguse chombo, usiwashe taa juu yake, usimsogezee simu ili umpige picha. Najua inashawishi.

Unyevu. Umesoma sawa kwamba wanataka hewa yenye unyevu, asilimia 60 hadi 80 ndiyo kiasi ninacholenga, lakini kunyunyizia mara nne kwa siku kunaleta kitu kingine: kuta zinazotiririka, sakafu iliyoloa na hewa iliyosimama. Humo kuvu na bakteria hustawi kuliko vunjajungu. Huko misitu ya Kusini-mashariki mwa Asia anakotoka, mvua hunyesha na upepo hupita. Igiza hivyo. Nyunyiza mara moja, jioni, kwenye ukuta mmoja na si juu ya mwili wake, matone madogo tu ili apate ya kunywa, halafu acha pakauke kufikia kesho yake. Kama hewa ya kwako ni kavu sana ongeza ya asubuhi. Pawe na matundu au wavu pande mbili ili hewa ipite. Kipima unyevu kidogo kitakusaidia kuliko kukisia, ila usikifanye mungu; kioo kinachobaki na ukungu mchana kutwa kinakueleza yaleyale. Wiki hii ya kujivua unaweza kupandisha unyevu kidogo, kwa mfano kwa kuweka kitambaa chenye maji nje ya wavu upande mmoja. Kumwagia maji mdudu anayening'inia hapana: tone zito likimgonga anaweza kuachia.

Joto liwe nyuzi 25 hadi 30 mchana, usiku lishuke kidogo lakini lisipite chini ya 20. Chombo cha kioo usikiweke juani hata kwa dakika chache, kinageuka tanuri. Na taa ya joto ikae nje ya wavu, mbali kidogo, kwa sababu yeye hupenda kujitundika juu kabisa, mahali ambapo taa ndipo inapochoma.

Tuseme sasa mambo yameenda vibaya. Ukimkuta ameanguka huku nusu yake ingali ndani ya gamba, hapo ndipo mkono wako unaweza kufaa. Lishike gamba tupu, si yeye, na ulibandike juu kwa kipande cha utepe wa gundi ili aning'inie tena kichwa chini. Ukiwahi, uzito wake utamaliza kazi. Ukichelewa na miguu ikawa imeshakauka, hakuna cha kunyoosha. Mguu mmoja ukibaki umekwama ndani ya soksi yake, pandisha unyevu, lowesha gamba hilo kwa brashi laini sana yenye maji ya uvuguvugu, subiri, rudia. Usivute. Mara nyingi hujitoa mwenyewe baada ya saa kadhaa, na kuvuta kunaleta jeraha linalovuja damu.

Kuna jambo sitakuficha. Tunutu aliyepoteza mguu huweza kuuotesha upya kidogo kidogo kila anapojivua gamba. Huyu wako akimaliza gamba hili atakuwa mzima, hatajivua tena, kwa hiyo atakachotoka nacho ndicho atakachobaki nacho. Mabawa yakijikunja, uzuri umepungua lakini maisha yake hayajaharibika. Jike ni mzito na hata mwenye mabawa kamili haruki vizuri. Mguu mmoja wa kutembelea ukipinda, ataishi, ila ukaribishe vijiti ili asipate taabu ya kupanda. Miguu ya mbele ya kukamatia ikiharibika yote miwili, hataweza kuwinda, na itabidi umlishe kila baada ya siku mbili au tatu: unamponda nzi kidogo na kumgusisha kinywani kwa ncha ya kijiti mpaka aonje na kuanza kutafuna. Wengine huzoea na kuishi hivyo miezi. Wengine hawazoei.

Daktari wa mifugo, je? Kwa hali uliyoniandikia, hapana. Safari yenyewe itamdhuru kuliko mfungo. Ningetafuta msaada wa ana kwa ana, kwa daktari anayehudumia wanyama wasio wa kawaida au mfugaji mzoefu wa wadudu, ukiona haya: anatapika majimaji meusi au ya kahawia yenye harufu mbaya, tumbo lina mabaka meusi yanayopanuka au limenywea hata baada ya kupewa maji, analala sakafuni na ukimpulizia polepole hashituki, jeraha halijaacha kuvuja, au zimepita wiki 3 tangu aanze kugoma na vifuko vya mgongoni bado ni bapa. Piga simu kwanza uulize kama anashughulika na wadudu, kwani wengi hawashughuliki, na usione aibu kuuliza. Akienda, aende ndani ya chombo kidogo chenye kitambaa cha kushikilia, gizani, bila joto kali. Uwe tayari pia kusikia kwamba tiba haipo: dawa za kuwatibu wadudu hawa ni chache mno, na kinachofanyika mara nyingi ni kusafisha, kumpa maji na kusubiri. Kama ametoka kwenye gamba akiwa amepindika mwili mzima, hawezi kushika wala kunywa, muulize daktari namna ya kummaliza bila mateso badala ya kumwacha siku tano sakafuni.

Ila tuchukulie litakalotokea, ambalo naliona ndilo lenye uwezekano mkubwa: asubuhi moja unakuta wawili kifunikoni, mmoja mweupe anayeng'aa mwenye mabawa marefu, mwingine tupu, mwepesi kama karatasi. Usimlishe siku hiyo. Gamba jipya linahitaji saa nyingi kukauka, na taya laini haziwezi kutafuna. Mpe matone ya maji ukutani, kisha siku ya pili au ya tatu mwachilie nzi mmoja. Nzi, nondo, kitu kinachoruka. Aina hii imeumbwa kudaka vitu vinavyoijia hewani, na nyenje wanaotembea sakafuni hata hawaoni, achilia mbali hatari yao. Akimdaka na kumla, siku inayofuata mpe wengine. Atakula sana wiki za mwanzo, na baadaye mlo wa kila siku mbili au tatu utamtosha.

Kuanzia hapo akigoma kula hutaweza tena kusema ni gamba. Jike mzima hugoma siku chache kabla ya kutaga, na hutaga hata kama hajawahi kumwona dume, isipokuwa mayai hayo hayataanguliwa. Tumbo likijaa sana na akaanza kuzungukazunguka kwenye vijiti, anatafuta mahali pa kubandika kifuko cha mayai. Baada ya miezi kadhaa ya uzima kugoma kunaweza kuwa uzee tu: kucha zinaacha kushika, rangi ya mabawa inachakaa, anakosa shabaha. Mzee wa namna hiyo mteremshie vijiti chini, mlishe mkononi ukiweza.

Na lile gamba tupu usilitupe kabla hujalikagua kwa tochi. Hesabu ala za miguu, ziwe sita na zote ziwe nzima hadi kwenye kucha. Ikiwa moja imekatika, chunguza kama kipande kimebaki kwenye mguu wake. Kisha ligeuze uhesabu mikato ya chini ya tumbo. Jike huonyesha sita, dume minane.